Mlangamia: dawa ya Pwani inayobeba siri ya mti ulioulea

Kati ya Majengo na Mwembe Tayari, kisiwani Mombasa, dawa za miti shamba hazijifichi. Zimetandazwa juu ya magunia kando ya njia: mizizi iliyokatwa vipande vya urefu wa kiganja, magome yaliyokauka hadi yakajikunja, unga wa rangi ya udongo uliotiwa katika chupa zilizokuwa za maji. Ukishuka kuelekea Marikiti, soko lililofunguliwa mwaka 1914, utakutana na dawa za ng'ambo ya bahari: habasoda, uwatu, sanamaki, mvuje, shubiri, ubani. Tiba mbili zimekutana katika kisiwa hiki, ile ya misitu ya Mijikenda na ile iliyoletwa na majahazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi. Mgonjwa wa Majengo huzitumia zote mbili, na vidonge vya hospitali akavimeza juu yake, bila kuona kwamba kuna ugomvi wowote.

Katika utajiri huo upo mmea mmoja unaostahili kuzungumzwa peke yake. Ni mlangamia, ule mtambaazi wa nyuzinyuzi unaofunika vichaka vya ufuoni kana kwamba mtu amemwaga tambi juu yake. Watu wengi wa Pwani wameuona, wachache wanajua unavyoishi, na wachache zaidi wanajua kwa nini dawa yake inaweza kumfaa mtu mmoja na kumdhuru mwingine ilhali jina ni lilelile na kipimo ni kilekile. Sababu imo katika namna unavyopata riziki yake. Mlangamia hula kwa mti mwingine, na mti huo haumpi mlaji chakula tu, humpa pia vilivyomo ndani yake, viwe dawa au sumu.

Hilo ndilo jambo ambalo kila muuzaji na kila mnunuzi wa miti shamba katika mji huu anapaswa kulijua.

Mmea usio na ardhi

Uangalie kwa karibu. Nyuzi zake ni nyembamba, unene wa milimita moja au mbili, laini zikiwa changa na ngumu kama kamba zikikomaa. Rangi hubadilika kutoka kijani hafifu hadi manjano, na penye jua kali huwa ya chungwa. Majani yamebaki vigamba vidogo ambavyo jicho lisilo makini halivioni. Maua ni meupe na madogo mno. Tunda ni kidonge cheupe cha mviringo, kipenyo chake takriban milimita saba, chenye nyama inayonata na mbegu moja ngumu katikati.

Sasa jaribu kuuvuta kutoka kwenye tawi. Utakatika mikononi kabla haujabanduka. Kila mahali uzi ulipogusa tawi, pameota safu ya vikombe vidogo vilivyojibandika kwenye gome. Hivyo ndivyo vifyonzi. Kutoka katikati ya kila kimoja hutoka tishu inayopenya gome na kwenda hadi kwenye mirija ya mti, ambamo hunyonya maji na madini. Mlangamia una umbijani kidogo, kwa hiyo hujitengenezea sehemu ya chakula chake kwa mwanga wa jua, lakini bila mti wa kuupa maji hauwezi kuishi.

Maisha yake huanza udongoni kama ya mmea mwingine wowote. Mbegu huota, mche mwembamba huinuka na kuanza kuzunguka hewani ukitafuta pa kushika. Akiba ya chakula kwenye mbegu ni ya muda mfupi. Mche ukikosa mwenyeji, hufa. Ukimpata, hujisokota, hupachika vifyonzi, na mzizi uliouotesha hunyauka. Tangu hapo mlangamia hauna tena uhusiano na ardhi. Huenda ukakutwa umefunika kichaka chote, ukapita juu ya kichaka cha pili na cha tatu, bila hata nukta moja inayogusa mchanga.

Mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, aliuandika mwaka 1753 kwa jina la Cassytha filiformis. Jamaa zake kwa ukoo watamshangaza mpishi wa Majengo: ni mdalasini na parachichi, kwa maana mlangamia umo katika familia ileile ya mimea, Lauraceae. Jenasi yake ina takriban spishi 20, nyingi zao zikiwa Australia, lakini huu mmoja umeenea kandokando ya bahari za joto duniani kote. Ndege hula matunda yake na kutawanya mbegu, na mbegu zenyewe zina ganda gumu linaloziwezesha kuelea baharini na kufika ufuo mwingine zikiwa hai. Ndiyo maana mtu wa Mombasa akienda Zanzibar, Madagascar, Sri Lanka au visiwa vya Pasifiki, huukuta ukimngoja.

Pacha wa uongo

Hapa ndipo hatari ya kwanza inapoingia sokoni. Upo mmea mwingine unaofanana na mlangamia kiasi kwamba ukikaushwa na kufungwa mafungu, hata mwenye uzoefu anaweza kukosea. Huo ni wa jenasi ya Cuscuta, nao hauna undugu wowote na mdalasini. Familia yake ni ya kiazi kitamu. Mimea hii miwili imefika kwenye umbo moja kwa njia tofauti, kwa sababu maisha ya kunyonya yameivua yote miwili majani na mizizi.

Cuscuta ina maarifa yake ya kutisha. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Justin Runyon, Mark Mescher na Consuelo De Moraes, walionyesha katika jarida la Science kwamba mche wa Cuscuta huelekea upande inakotoka harufu ya mnyanya, na ukipewa kuchagua kati ya mnyanya na ngano, huelekea kwenye mnyanya. Mmea usio na jicho wala pua unamtambua wa kumnyonya kwa harufu.

Nchini Kenya, Cuscuta imekuwa tishio kwa wakulima. Joel Masanga, Steven Runo na wenzao, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, waliandika mwaka 2021 katika jarida la Plant Physiology kuhusu spishi tatu zilizopo nchini: Cuscuta campestris, Cuscuta kilimanjari na Cuscuta reflexa. Ile ya tatu asili yake ni Asia, ina nyuzi nene za rangi ya dhahabu, na inaweza kushambulia miti mikubwa. Onyo lao lilihusu mazao ambayo uchumi wa Afrika Mashariki unayategemea, yaani kahawa, chai na maembe. Profesa Runo ndiye aliyetunukiwa Tuzo ya Afrika ya Royal Society ya Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake juu ya mimea nyonyaji.

Kuitofautisha mimea hii miwili ikiwa mibichi hakuhitaji hadubini. Mlangamia una tunda lenye nyama, moja moja, na mbegu moja ndani yake. Cuscuta hutoa vitumba vikavu vyenye mbegu hadi nne. Ua la mlangamia lina vipande sita vilivyopangwa tatutatu, la Cuscuta mara nyingi lina vitano. Mlangamia mchanga huwa na ukijani unaoonekana wazi, ilhali Cuscuta huwa ya manjano tangu mwanzo. Lakini tofauti hizi hupotea mmea unapokauka na matunda kupukutika, nayo ndiyo hali ya bidhaa nyingi zinazofika mjini.

Dawa yenye ukoo mrefu

Binadamu amezitumia nyuzi hizi kwa miaka elfu mbili na zaidi. Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa karne ya kwanza, aliandika juu ya Cuscuta iotayo juu ya zaatari, akisema husafisha tumbo. Matabibu wa Kiislamu waliirithi na kuiita aftimun. Ibn Sina, aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037, aliitaja katika kitabu chake kikuu cha tiba, Al-Qanun. Katika elimu ya wakati ule mwili ulihesabiwa kuwa na vimiminika vinne, na aftimun ilisifiwa kwa kuondoa sawda, ile nyongo nyeusi iliyoaminiwa kumletea mtu huzuni, wasiwasi na ndoto mbaya. Elimu hiyo ndiyo mama wa tiba ya Kiarabu na ya Kiyunani ambayo hadi leo ina wafuasi katika maduka ya Mji wa Kale.

Matabibu hao walikuwa na sharti moja. Aftimun bora kwao ilikuwa ile ya kisiwa cha Krete, iliyoota juu ya zaatari. Waliamini kwamba mmea mnyonyaji hurithi tabia ya mti ulioulea. Mwingereza Nicholas Culpeper alirudia hoja hiyo katika kitabu chake cha miti ya dawa cha mwaka 1652. Hawakuwa na maabara, lakini kabla ya kuikubali dawa waliuliza imetoka juu ya nini.

Wachina nao wametumia mbegu za Cuscuta kwa karne nyingi kuimarisha figo na nguvu za kiume, na bado zinauzwa katika maduka yao ya dawa. Mlangamia wenyewe una sifa zake kila bahari inakoufikisha. Nchini India hutumika kwa maradhi ya ini na nyongo, na husagwa na kuchanganywa na mafuta ya ufuta kwa ajili ya nywele. Nchini Indonesia hunywewa kwa presha. Katika visiwa vya Karibi huchemshwa kama chai. Kwenye Pasifiki na sehemu nyingi za Afrika hutumika kuosha nywele, kutoa minyoo, kutibu vidonda na kurahisisha mkojo.

Sababu ya nywele kutajwa kila mahali unaweza kuishika mkononi. Twanga mlangamia mbichi kwenye kinu, ongeza maji kidogo, na utapata ute unaoteleza kama wa bamia. Ute huo hulainisha nywele na kutuliza ngozi ya kichwa. Matumizi ya namna hii, ya kupaka na kuosha, ndiyo yenye hatari ndogo zaidi. Mashaka yanaanza pale chungu kinapowekwa jikoni na maji yake kunywewa.

Maabara imeona nini

Sifa za mlangamia zina msingi. Ndani yake mna kundi la kemikali ziitwazo alkaloidi, za aina ijulikanayo kama aporfini, na zimechunguzwa kwa makini.

Mwaka 2004 timu ya watafiti iliyoongozwa kutoka Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain, Ubelgiji, ilichapisha katika jarida la Planta Medica matokeo ya kupima alkaloidi tatu za mlangamia: aktinodafnini, kasithini na disentrini. Ziliua vimelea vya Trypanosoma brucei, ukoo wa vimelea vinavyoleta malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Kwa Kenya, ambako mbung'o bado wapo katika maeneo kama Shimba Hills, jambo hilo si dogo. Lakini watafiti haohao waliona kwamba kemikali hizo hushikamana na DNA na kuua pia seli nyingine. Kitu kinachoua kimelea kinaweza kumgusa na mwenye mwili.

Mwaka 1997 watafiti wa Taiwan walionyesha kwamba okoteini, alkaloidi nyingine ya mlangamia, huzuia vipokezi vinavyofanya mishipa ya damu ibane. Walitumia mshipa mkuu wa panya. Mishipa isipobana, presha hushuka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Andalas mjini Padang, Indonesia, nao wameendelea kuuchunguza mmea huu kwa upande huohuo wa presha. Utafiti mwingine umeonyesha kwamba baadhi ya alkaloidi zake huzuia chembe sahani za damu zisigandane.

Matokeo haya yanampa heshima mzee aliyekuwa akiwapa watu mlangamia kwa presha kabla ya maabara kuzaliwa. Yanatoa pia maonyo matatu. La kwanza, kupima kwenye panya na kwenye vyombo vya kioo hakujatupa kipimo cha binadamu: gramu ngapi, mara ngapi, kwa siku ngapi. La pili, mgonjwa ambaye tayari anameza vidonge vya presha akaongeza mlangamia anaweza kushuka presha kupita kiasi, akapata kizunguzungu na kuanguka. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayengoja upasuaji, anajiweka kwenye hatari ya kutokwa na damu. La tatu, mlangamia una pia laurotetanini, na kemikali hiyo ikizidi hukakamaza misuli. Mama mjamzito hana sababu yoyote ya kuunywa.

Kinachopita kwenye vifyonzi

Yote hayo ni kemikali za mlangamia wenyewe. Bado hatujagusa zile za mti.

Ilijulikana zamani kwamba maji na sukari hupita kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa mnyonyaji. Kadiri miaka ilivyokwenda, wanasayansi wamegundua kwamba mlango huo uko wazi kuliko walivyodhani. Mwaka 2014 Jim Westwood na wenzake wa Virginia Tech, Marekani, waliandika katika Science kwamba Cuscuta na mwenyeji wake hubadilishana maelfu ya molekuli za RNA, zile zinazobeba maagizo ya jeni. Ikiwa hata maagizo ya jeni yanapita, sumu itazuiwa na nani?

Haizuiwi. Cuscuta iliyoota juu ya lupini imekutwa na alkaloidi za lupini. Na jambo linalotuhusu zaidi: Cuscuta reflexa iliyoota juu ya oleanda, Nerium, imekutwa na glikosidi za moyo zilizo mali ya oleanda. Hizo ni kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo, na kiasi kidogo kinatosha kuua. Vifyonzi vya mlangamia navyo huingia kwenye mirija ya mti kama vya Cuscuta, kwa hiyo hakuna msingi wa kudhani kwamba wenyewe una kinga.

Tazama sasa maua ya nyua zetu. Oleanda hupandwa kwa uzuri wake, waridi na nyeupe, kwa sababu hustahimili jua na chumvi ya bahari. Jamaa yake wa karibu, Thevetia peruviana, yule mwenye majani membamba na maua ya manjano yenye umbo la tarumbeta, ni ua wa nyumba na shule kote nchini. Utomvu wake mweupe na mbegu zake zina sumu ya moyo ya aina hiyohiyo. Katika Sri Lanka, sumu ya mbegu za mti huu ni tatizo la miaka mingi katika hospitali za mashambani.

Weka pamoja mambo haya mawili. Mnyonyaji akipanda juu ya mvinje ufuoni ni kitu kimoja. Akipanda juu ya Thevetia ni kitu kingine kabisa, ijapokuwa kwa macho nyuzi ni zilezile, rangi ni ileile, na zikichemshwa maji yake ni ya rangi moja. Anayekunywa hunywa mimea miwili, na mmoja kati yake haujui.

Maarifa yaliyoachwa njiani

Mganga wa kale hakuwa na tatizo hili, kwa sababu alichuma mwenyewe. Aliingia msituni, aliuona mti, aliujua kwa jina, na alijua kama ng'ombe wakila majani yake hufa. Aliporudi na fungu lake, habari za mti zilirudi naye. Misitu ya kaya za Mijikenda imelinda maarifa ya namna hii kwa vizazi, na mwaka 2008 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia, maeneo kadhaa yaliyotandazika kwa takriban kilomita 200 za Pwani. Wataalamu wetu nao wameandika. John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha mwaka 1976 kitabu chake kikubwa cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki. Martin Pakia amekusanya kwa uangalifu maarifa ya mimea ya Wadigo na Mijikenda wengine.

Lakini Majengo ni mji. Ni mtaa wa nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ambamo kwa miongo mingi wamepanga chumba kwa chumba watu wa kila kabila la Pwani na bara. Dawa inayofika hapa haikuchumwa na anayeiuza. Ilichumwa Kwale au Kilifi, ikapita kwa mnunuzi wa jumla, ikapanda matatu, ikavuka kivuko cha Likoni au daraja la Nyali, ikafika kwa muuzaji aliyeketi na gunia lake. Kila mkono iliopita ulibeba mzigo wa nyuzi, na kila mkono uliacha njiani kipande cha habari zake. Uzi ukishafika umebanduliwa kwenye tawi, umekaushwa na kukatwakatwa, hakuna kinachosema umetoka juu ya mti gani.

Muuzaji huyo hana nia mbaya. Wengi wao ni watu waaminifu walioifanya kazi hii maisha yao yote, na wateja wao ni majirani zao. Kasoro ni ya mlolongo mzima wa biashara, uliokua haraka kuliko utaratibu wa kuulinda.

Utaratibu wa kisheria upo kwenye karatasi. Ibara ya 11 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka Serikali itambue nafasi ya sayansi na teknolojia za wenyeji katika maendeleo ya taifa. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka rejista za maarifa ya jamii zao. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inatambua tiba ya jadi na tiba mbadala, na inaelekeza chombo cha kuisimamia kiundwe kwa sheria ya Bunge. Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, iliyoanzishwa mwaka 1979, ina kituo cha kuchunguza dawa za jadi, na Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo inayosajili dawa za mitishamba zinazotengenezwa viwandani. Majirani zetu wa Tanzania walitangulia: kitengo cha tiba asili cha Muhimbili kilianza mwaka 1974, na sheria yao ya tiba asili na tiba mbadala ni ya mwaka 2002.

Kilichobaki ni kuzifikisha sheria hizi hadi kwenye gunia la Mwembe Tayari. Kaunti ya Mombasa haihitaji mabilioni kwa kazi hiyo. Inahitaji kuwaita wauza dawa na waganga wa kisiwa, kuwasikiliza, kuandika wanachokijua, na kuwapa mafunzo ya siku chache juu ya mimea yenye sumu. Lebo ya karatasi kwenye kila fungu, yenye mambo matatu, ingetosha kwa kuanzia: jina la mmea, mahali ulipochumwa, na kwa mimea nyonyaji, jina la mti mwenyeji. Wanaochuma Kwale na Kilifi watajifunza upesi wakijua kwamba fungu lisilo na habari halinunuliwi.

Kuna faida nyingine ya kuuthamini mlangamia. Dawa nyingi za Pwani huchimbwa mizizi au huchunwa gome, na mti ukichunwa gome kuuzunguka hufa. Mlangamia ukivunwa, mti hupumua. Ni moja kati ya dawa chache ambazo uvunaji wake unausaidia msitu. Tahadhari ni kwamba mabaki mabichi yasitupwe juu ya ua wala bustani, hasa yakiwa ni ya Cuscuta, kwa maana kipande kilichokatwa kinaweza kujipachika upya na kuanza kunyonya.

Kabla hujanunua

Kwako msomaji unayetumia miti shamba, nawe ni jirani yetu, mama yetu au mzee wetu, uamuzi wa kutumia dawa ya jadi ni wako. Lakini uutumie kwa ujuzi. Ukitaka mlangamia wa kuoshea nywele, nunua mbichi, uuone na matunda yake. Ukiambiwa uunywe, msalimu muuzaji kwa heshima yake, kisha muulize: "Mzee, huu umechumwa wapi, na ulikuwa juu ya mti gani?" Mwenye ujuzi atafurahi kuulizwa. Asiyejua atakuwa amekujibu pia.

Ikiwa una mimba, unanyonyesha, una maradhi ya moyo, au unatumia dawa za presha au za kuzuia damu kuganda, usiunywe kabisa. Ikiwa umeshakunywa ukahisi moyo kwenda mbio au kusitasita, kutapika, ukungu machoni au kizunguzungu, nenda hospitali mara moja na uchukue mabaki ya dawa uwaonyeshe. Na unapokwenda kliniki kwa jambo lolote, mwambie daktari kila unachotumia. Wagonjwa wengi huficha wakiogopa kukemewa. Madaktari na wauguzi wetu wana wajibu wa kuuliza bila kukemea, kwa sababu mgonjwa akinyamaza, daktari anatibu gizani.

Tiba ya jadi ya Pwani imedumu kwa sababu ilijengwa juu ya watu waliouliza maswali kabla ya kuvuna. Tukiziuza dawa zao tukaacha maswali yao, tutakuwa tumerithi nusu ya tiba, tena nusu iliyo hatari. Mlangamia usiojulikana umetoka juu ya mti gani haufai kunywewa, hata kama aliyekupa ni ndugu yako.